Mheshimiwa Mwenye Kikoi Cheupe

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimefunguliwa mlango wa bahati. Na aliyeufungua ni Mzee Wimal, jirani yetu wa ghorofa ya chini, Msinhala wa Sri Lanka. Anahamia Texas kwa mwanawe mwisho wa mwezi, kwa hiyo anagawa vitu. Wengine wamepata viti na masufuria. Mimi kanipa boksi la diski za filamu za kwao. Zote kwa Kisinhala. Maandishi chini ya picha hakuna, hata mstari mmoja. Herufi za kwenye makasha zimeviringana kama vitumbua.

Mke wangu Zainab kauliza tutazifanyia nini. Nilikuwa nimeshaona mbali.

Mimi si mtu wa hivihivi. Tanga, pale Ngamiani, enzi zile, nilikuwa mtafsiri wa filamu. Kibanda cha video, maikrofoni mkononi, Wachina wanapigana, Wahindi wanalia, na wote nawasemea mimi. Lugha zao sikuzijua. Nani alizijua? Mtafsiri hasikilizi maneno, anasoma nyuso. Na mtafsiri wa kweli haitazami filamu kabla ya watu wake, maana akiitazama inapoa. Wahusika unawapa majina ya mtaani. Muuza mkaa anakuwa jambazi, fundi viatu anakuwa inspekta, na kibanda kizima kinaruka.

Hapa Manassas, Virginia, mimi ni nani? Kazini, kwenye maegesho ya magari kule Fairfax, naitwa Kumi na Nne. Ndiyo namba ya koti langu. Mzee Wimal ananiita Jirani. Mke wangu ni mwanamke wa pwani aliyefundwa akafundika. Miaka kumi na tisa ya ndoa hajalitamka jina langu hata mara moja. Kwake mimi ni Baba Nadra, kwa jina la binti yetu. Jina langu ni Othman! Wanaolitaja ni watu wa jumuiya yetu ya Waafrika Mashariki peke yao, nao mwaka jana kwenye uchaguzi wa mwenyekiti walilitaja mara mbili. Kura mbili! Ferdinand, mwenyekiti wetu, alipata hamsini na tisa. Na moja ya zangu niliipiga mwenyewe.

Uchaguzi mwingine ni tarehe 19. Filamu ninayo. Mdomo ninao. Ferdinand atanitambua.

Jumanne, 7 Oktoba

Genoveva kakubali kunipa ukumbi wa nyuma ya mkahawa wake, karibu na stesheni ya treni. Genoveva ni Mkongomani, habishani na mtu anayemletea wateja. Kasema, bon, iko muzuri, ila watu wakule. Filamu ni ndefu, nimeigawa vipande vitatu: Jumamosi, Jumapili, na Jumamosi inayofuata. Zote saa tisa alasiri. Kipande cha mwisho kinaangukia siku moja kabla ya kura. Akili hizo!

Mzee Wimal kanichagulia. Kasema hii ni ya siasa, ya vitisho, na kwamba marehemu mkewe alikataa kuitazama mara ya pili. Nikamwambia hiyo hiyo. Akanitazama kidogo, kisha akanipa.

Kwenye kundi la WhatsApp nimetangaza kwamba Kisinhala nakijua tangu nikiwa bandarini. Si uongo mkubwa. Meli zao zilikuwa zinapita. Ferdinand akaniuliza mbele ya watu wote: kimsingi, ndugu yangu Othman, ulijifunza kwa nani? Huyu mhandisi wa Bukoba hana sentensi isiyoanza na "kimsingi". Filamu itamjibu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Watu thelathini na wanane! Chepkoech, Mkenya, katibu wetu wa jumuiya, kakaa mbele kabisa na sahani ya samaki. Ferdinand mstari wa tatu, miwani yake puani. Nikashika maikrofoni. Mkono ukakumbuka kazi yake.

Picha ikaanza. Mvua. Umati. Kisha akatokea mwanamume wa makamo, mtulivu, shati refu jeupe hadi magotini na chini kikoi cheupe pe! Anainamia vikongwe. Anavishwa mashada ya maua. Moyo ukaniambia huyu ni mtu wa Mungu. Kwetu aliyevaa hivi anatoka msikitini. Nikampa jina papo hapo: Mheshimiwa Othman! Ukumbi ukapiga makofi. Nikamtia kinywani ilani yangu yote. Ukumbi wetu wenyewe, madarasa ya Kiswahili kwa watoto, pilau kila mwezi.

Kisha akaja mwingine. Suti ya kijivu, miwani, faili kwapani, anachungulia magari ya watu na kuyapiga picha. Huyo nikamwita Bwana Ferdi, fisadi na mmbeya. Kicheko! Ferdinand akacheka pia. Unafiki mtupu.

Mheshimiwa Othman akaingia chumba fulani. Akawaambia vijana wanne maneno machache, kwa upole, midomo haifunguki. Picha iliyofuata, gari jeupe, vani, ubavuni halina dirisha hata moja. Likasimama kando ya mwalimu anayetembea na mkoba. Mlango ukavutwa. Likaondoka. Mkoba ukabaki barabarani. Nikawahi kueleza: Mheshimiwa kawatuma vijana wampeleke mgonjwa hospitali. Chepkoech akapaza sauti, "Ambulance ya bure! Aki huyu ndiye chairman!"

Bwana Ferdi akapigwa rungu kwenye paji la uso. Hilo lilinifurahisha.

Kipande kikaishia mezani kwa Mheshimiwa. Simu inalia. Anainua. Hakuna mtu, ni sauti ya mvua tu. Anaisikiliza muda mrefu sana, na uso unampauka taratibu. Nikasema anapokea pongezi, na taa zikawashwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Ferdinand kaja na plasta. Kwenye paji la uso! Kasema, kimsingi, kajigonga na mlango wa kabati jikoni jana jioni. Nilicheka mpaka nikaenda kunawa uso. Maskini, filamu inampiga hadi kwake.

Halafu, nikiwa hapo kwenye beseni, simu yangu ikalia. Namba imefichwa. Nikasema halo. Hakuna mtu. Mvua. Si mkwaruzo wa laini, mvua kabisa, nzito, ya mahali penye majani mapana. Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka juu ya reli, hakuna wingu. Nikakata, nikajiambia ni wauza bima.

Kipande cha pili hakikunipendeza. Mheshimiwa Othman anafungua mlango wa nyumba yake asubuhi, kizingitini yamepangwa maua meupe, mstari mmoja. Anayaruka. Sura yake hiyo sitaisahau. Nikasema wapigakura wamemletea zawadi. Ofisini kwake kuna picha kubwa ukutani, mawaziri kumi wamesimama, yeye wa tano. Anatoka. Anarudi. Wamesimama tisa, na kati yao pana nafasi ya mtu. Kamera ikaganda hapo. Wala hakuna muziki.

Kwa mara ya kwanza katika kazi hii, nilinyamaza. Maikrofoni mkononi, watu arobaini na watano wananingoja, na mdomo wangu mtupu kabisa. Chepkoech akauliza Mheshimiwa Othman amekwenda wapi. Nikasema yuko chooni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetoka kwenda kazini saa nne asubuhi. Kwenye kizingiti chetu, maua meupe. Petali tano, kitovu cha njano, mstari mmoja, mabichi, yana matone ya maji. Kwetu mti wa maua haya hupandwa makaburini. Hapa Virginia mwezi wa kumi hauoti, majani ya miti yote yamegeuka rangi na yanadondoka.

Nimemwita Nadra aone, kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni mambo ya Halloween. Ni kweli majirani wametundika mafuvu ya plastiki barazani, na kuna mifupa mizima imekalishwa kwenye kiti mlangoni kwa yule wa namba sita. Nikamwambia haya si ya plastiki, nusa. Akanusa. Akarudi ndani.

Niliyaruka. Ndipo nikakumbuka ni nani mwingine aliyeyaruka. Kazini nimetoza gari moja mara mbili.

Jumanne, 14 Oktoba

Chepkoech kaweka kwenye kundi picha ya pikiniki ya Julai, kuwakumbusha watu uchaguzi. Picha hiyo naijua. Nimesimama katikati ya Ferdinand na Genoveva, mshikaki mkononi, nimekaza tumbo.

Simo.

Si kwamba nimekatwa. Ferdinand yupo, Genoveva yupo, na kati yao pana nafasi ya mtu. Genoveva ameegemea upande, bega lake limetulia juu ya hewa. Mkono wa Ferdinand umekumbatia kitu ambacho hakipo, vidole vimekunjika kama vilivyokunjika begani kwangu siku ile. Na mshikaki uko kwenye nyasi.

Nimempigia Chepkoech. Nikajitahidi kucheka. Kasema, "Sija-edit kitu mimi, hiyo picha ni vile ilikuwa." Kisha akaniuliza, kwa upole, kwani kwenye pikiniki nilikuja.

Nilikuja! Nilichoma nyama mimi! Nimekaa bafuni nusu saa nikijitazama kwenye kioo. Nipo. Tumbo pia lipo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeshuka kwa Mzee Wimal na diski mkononi. Nyumba yake imebaki maboksi na kiti kimoja. Nikamwambia ukweli, kwamba Kisinhala sikijui na nataka anieleze. Akaiweka kwenye kompyuta, tukatazama kile chumba cha vijana wanne.

Nikamuuliza yule mcha Mungu anawaambia nini vijana. Mzee Wimal akauliza mcha Mungu yupi. Nikamwonyesha kikoi cheupe. Akacheka mpaka akakohoa. Jirani, akasema, kwetu vazi hilo ni la wanasiasa. Ukimwona mtu amevaa hivyo, shika mfuko wako. Huyu ni waziri, na watu wanaomsumbua hupotea. Mwenye suti ya kijivu ni mkaguzi, mtu mwaminifu peke yake katika filamu nzima. Na maneno ya waziri kwa vijana ni mafupi: "Mwalimu yule asiwahi kuwapo."

Lahaula! Siku mbili nzima nimesimama na maikrofoni nikimpamba muuaji kwa jina langu. Na yule wa heshima nimempa Ferdinand, bure, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikauliza mwisho wake. Mzee Wimal alikuwa ameacha kucheka. Akasema hakuna anayemuua. Yale aliyowafanyia wengine yanamrudia, basi. Wanamsahau. Anabisha hodi kila mlango, hata wa kwake, na hakuna anayemjua. Marehemu mkewe, akasema, baada ya kuitazama alikuwa akimwamsha usiku amwite kwa jina.

Nikamweleza simu, maua, picha. Akanipa chai. Akasema ni filamu tu, Jirani. Lakini aliitoa ile diski kwenye kompyuta kwa ncha za vidole.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata dawa. Nyepesi mno! Jumamosi nabadilisha majina. Nitatangaza kwamba kulikuwa na hitilafu ya kitaalamu. Kikoi cheupe ni Ferdi, suti ya kijivu ni Othman. Mtafsiri ndiye mwenye filamu, akisema huyu ni fulani, basi ni fulani.

Ni kweli Ferdinand atapotea. Nimemfikiria. Ana mke, ana watoto wawili, na mwaka juzi alinisukumia gari kwenye theluji bila kuombwa. Nimemwonea huruma dakika mbili nzima, kisha nikakumbuka "kimsingi".

Zainab kasema sili vizuri. Kanikaangia samaki wa nazi. "Baba Nadra, una nini?" Nikasema sina kitu. Nilitaka kumwambia naogopa. Niliogopa kweli.

Jumamosi, 18 Oktoba

Watu sitini. Wengine wamesimama ukutani. Nikatoa tangazo langu la hitilafu, kwa sauti ya kiofisi. Wakanisikiliza. Taa zikazimwa.

Kikoi cheupe kikatokea. Nikasema, huyu ni Mheshimiwa Ferdi. Ukumbi ukasema hapana. Wakacheka, wakadhani ni mchezo, na sauti sitini zikanirekebisha kwa pamoja: Othman! Nikarudia, Ferdi. Wakajibu kwa nguvu zaidi, Othman! Chepkoech anapiga meza. Hata Genoveva katoka jikoni na mwiko. Kila kikoi kilipotokea, kabla sijafungua mdomo, Othman! Othman! Nimeitafuta siku hii maisha yangu yote, watu sitini kuimba jina langu. Niliwasihi wanyamaze. Nililia kwenye maikrofoni. Wakapenda zaidi.

Kisha ikaja korido. Ndefu, milango kulia na kushoto. Mheshimiwa anabisha. Mlango unafunguliwa, mtu anamtazama kwa adabu, anatikisa kichwa, anafunga. Mlango wa pili. Wa tatu. Kila mlango sauti za ukumbini zinapungua. Mlango wa mwisho ni wa nyumbani kwake. Mkewe anafungua. Anamtazama sana. Anatikisa kichwa. Barabarani lile gari jeupe linasubiri, mlango wake wazi, ndani giza. Hakuna anayemshika. Anaingia mwenyewe.

Hakuna aliyeimba chochote. Halafu nikamsikia Chepkoech akimuuliza jirani yake, sauti ya kawaida kabisa, yule mzee wa kikoi alikuwa anaitwa nani vile. Jirani yake akasema hakumbuki.

Mwishoni Bwana Ferdi kapanda jukwaani, mjane wa mwalimu anambusu mikono, nchi nzima inapiga makofi. Ukumbi nao. "Kumbe Ferdi ndiye alikuwa mzuri!" Wakambeba Ferdinand mabegani. Plasta imemtoka, paji halina hata alama.

Nilitokea mlango wa jikoni. Uani, kando ya pipa la taka, kulikuwa na vani jeupe. Injini inanguruma taratibu. Ubavuni hakuna dirisha. Mlango wazi. Kutoka ndani nikasikia mvua, na lami chini ya gari ilikuwa kavu. Nilimuuliza Genoveva gari la nani. Akatazama pale pale, akasema gari gani. Nikakimbia mpaka nyumbani. Kiatu kimoja sijui kiko wapi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekwenda. Nilisema lazima niende, nikapambane. Suti, tai, viatu vya harusi.

Mlangoni Chepkoech alikuwa mezani na orodha. Akaniangalia kwa tabasamu lile la wageni. "Karibu sana. Ni mara yako ya kwanza?" Nikacheka. Hakucheka. Nikamwambia mimi ni Othman, mgombea. Akapitisha kidole kwenye orodha yote, mara mbili, kwa uvumilivu, akasema pole, mgombea ni mmoja tu. Akanipa stika ya wageni na kalamu, niandike jina nibandike kifuani. Nikaandika. Kalamu haikutoa wino. Akanipa nyingine. Niliandika kwa nguvu mpaka stika ikachanika. Hakuna herufi. Nikaibandika hivyo hivyo, nyeupe.

Wageni hawapigi kura. Nilikaa nyuma. Ferdinand kapita kwa kura sitini na moja, yaani wote, hata ile yangu ya mwaka jana sijui imekwenda wapi. Kisha akaja kunipa mkono. Huyu mtu niliyetaka apotee. Akasema, "Kimsingi, tunafurahi kukupata, ndugu…" akangoja nimalizie. Nikamtajia. Midomo yangu ilisogea, naapa. Akaendelea kungoja, kwa adabu.

Nimerudi kwa miguu. Mlangoni nikagundua funguo nimeziacha ndani. Nilisimama pale muda mrefu. Nilijua mlango huu ni wa ngapi. Nikabisha hodi. Nikasikia kandambili za Zainab. Mlango ukafunguka. Akanitazama sana.

Akasema, "Baba Nadra, siku hizi unabisha hodi nyumbani kwako?"

Nililia. Mtu mzima, kwenye korido, yule wa namba sita anachungulia. Zainab kaniingiza ndani, kanivua tai. Nikamuuliza anamjua Othman. Akafikiri. Akasema kulikuwa na Othman muuza halua kule Tanga, lakini alikufa zamani, kwani vipi? Nikamuuliza mimi naitwa nani. Akaona haya, akanipiga kibao cha bega kama msichana. "Si Baba Nadra!"

Tulikula watatu. Sijawahi kuupenda wali kama leo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kazini wamenipokea vizuri. Kumi na Nne, umechelewa, wakasema. Nilifurahi mpaka msimamizi akaingiwa na wasiwasi.

Nimefikiri vizuri. Filamu ilichukua kile nilichoipa, basi. Kumi na Nne sikuipa. Jirani sikuipa. Baba Nadra sikuipa. Hivyo nimebakiwa na nyumba, kazi na mke ambaye adabu zake zimeniokoa. Nimeapa kwa kila kitu kwamba sitashika maikrofoni tena. Mwanadamu anataka nini zaidi ya kuitwa mezani?

Ijumaa, 24 Oktoba

Mzee Wimal kaondoka leo asubuhi. Kanikumbatia, Jirani, Jirani. Boksi lote kaniachia. Nilimwambia ninalitupa. Nililibeba hadi kwenye mapipa. Liliniuma mkono, nikalipumzisha chini, nikafungua kidogo nione tu makasha.

Ipo moja nzuri mno! Siasa tena, lakini ya furaha, unaona hata kwenye kasha. Mwanamume anacheka, amembeba binti yake mdogo mabegani, nyuma yao bendera na umati. Hana kikoi. Nimehakikisha. Ana suruali na shati la bluu. Huyu ni mtu mwema, nyuso nazisoma mimi.

Nimepita kwa Genoveva kujitambulisha kama mtafsiri mpya. Bon, kasema, tulikuwa na mwingine, jina lake limenitoka, alikuwa anachanganya majina ya watu. Nikamwambia mimi sichanganyi. Chepkoech kashatangaza kwenye kundi: kesho, saa tisa alasiri. Watu thelathini wamejibu tayari. Tatizo la mara ile naliona wazi sasa, lilikuwa mavazi tu.

Jina la mhusika halikunisumbua. Mtu na binti yake mabegani, litakuwa lipi jingine? Nimeliandika kwenye tangazo kwa herufi kubwa: "BABA NADRA ASHINDA UCHAGUZI." Kuitazama sijaitazama, isije ikapoa.

Simu ya Nadra inalia sebuleni. Kaja kunisumbua hapa mlangoni, anasema hakuna mtu, inasikika mvua tu. Nimemwambia akate, nina kazi.